Koyoti na Mtego wa Ardhini: Jinsi Wafugaji wa Marekani Wanavyomnasa Mwizi wa Kondoo

Katika nyika, milima na majangwa ya Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye koyoti. Ni jamaa ya mbwa na mbweha. Aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi. Rangi yake ni kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, masikio yake yamesimama, na mkia wake, wenye manyoya mengi na ncha nyeusi, huuteremsha chini akimbiapo. Jina lake limetoka katika lugha ya Kinahuatl ya Meksiko, ambayo kwayo aliitwa coyotl. Mwaka 1823 mtaalamu wa wanyama aliyeitwa Thomas Say alimpa jina la kitaalamu la Canis latrans, maana yake mbwa abwekaye, na kila aliyepata kulala nje katika nchi hiyo usiku anajua kwamba jina hilo limestahili.

Huenda msomaji akauliza: mnyama wa mbali hivyo atufaa nini? Kwanza, kwa ukoo si wa mbali sana. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza chembe za urithi za wanyama wa jamii ya mbwa walitangaza kwamba yule ambaye sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea kumwita mbweha wa dhahabu si mbweha wa dhahabu yule wa Asia na Ulaya, bali yu karibu zaidi na mbwa mwitu wa kaskazini na koyoti. Basi mchungaji wa Narok amwonaye akipita mbio kando ya kundi lake amemwona ndugu wa koyoti. Pili, hasara aletayo koyoti ni ile ile ijulikanayo na kila mwenye mbuzi au kondoo: kulipopambazuka mtu ahesabu wanyama wake, ahesabu tena, na hesabu haitimii.

Kabla ya kuendelea, yafaa ieleweke wazi kwamba somo hili ni la kuelimisha, si ruhusa. Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yaweka adhabu kali kwa mtu ategaye wanyama wa mwitu kwa vyuma au vitanzi, au awawekeaye sumu. Mwenye kusumbuliwa na mnyama apeleke habari kwa maofisa wa wanyamapori. Huko Marekani nako kila jimbo lina sheria zake: mtegaji hununua leseni, huandika jina au namba yake juu ya kila mtego, na hutega katika majira yaliyoruhusiwa tu, ijapokuwa mfugaji anayelinda mali yake hupewa nafasi zaidi katika majimbo mengi. Na yako majimbo, kama Colorado mwaka 1996 na California mwaka 1998, ambayo raia wake walipiga kura kuzuia mitego ya kubana mguu kwa matumizi mengi.

VITA VYA MIAKA MIA

Meriwether Lewis na William Clark walipopanda Mto Missouri mwaka 1804 walimwona koyoti wakamwita mbwa mwitu wa mbugani. Wakati ule alikaa hasa katika mbuga za katikati na nchi kavu za magharibi. Baadaye wakaja wafugaji na makundi makubwa ya kondoo, na ugomvi ukaanza. Mwaka 1915 Bunge la Marekani lilianza kutoa fedha za serikali ili wanyama walao mifugo waangamizwe, na mwaka 1931 ikatungwa sheria maalum ya kazi hiyo. Walitumia bunduki, mitego na sumu, hasa sumu. Mzoga mmoja uliotiwa sumu uliweza kuua koyoti kadhaa, lakini uliua pia tai, mbweha, nyegere na mbwa wa mchungaji mwenyewe. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alipiga marufuku matumizi ya sumu hizo katika ardhi ya serikali kuu.

Matokeo ya juhudi zote hizo ni ya ajabu. Mbwa mwitu mkubwa alimalizwa karibu kila mahali katika nchi hiyo, lakini koyoti aliongezeka. Leo yuko katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa visiwa vya Hawaii. Yuko hata ndani ya mji wa Chicago, apitapo usiku kando ya reli na makaburi. Kondoo, kwa upande wao, walikuwa milioni 56 hivi mwaka 1942, na siku hizi ni karibu milioni 5 tu. Si haki kumtwika koyoti lawama yote ya upungufu huo, maana bei ya sufu ilianguka na watu wakavaa nguo za nyuzi za kiwandani. Walakini mfugaji aliyebaki na kondoo mia mbili huhisi kila pengo.

Naona jambo moja liko dhahiri katika historia hii. Kuua koyoti wengi bila kuchagua hakumpunguzii mfugaji hasara kwa muda mrefu, kwa kuwa mahali pa aliyekufa huingia mwingine, na jike aliyepata chakula tele huzaa watoto wengi. Litakiwalo ni kumpata yule hasa alaye kondoo. Hapo ndipo mtego wa ardhini una faida, na hapo ndipo ulipo ugumu wake, kwa sababu mtego huo hauna macho. Macho ni ya mtegaji.

MWIZI NI NANI?

Mwanafunzi wa kazi hii hapewi chuma siku ya kwanza. Hupelekwa kwenye mzoga. Koyoti kwa kawaida humshika kondoo kooni, chini ya taya, akamkaba mpaka avute pumzi yake ya mwisho. Ukichuna ngozi ya shingo utaona matundu ya meno na damu iliyovilia chini yake. Mbwa wa kufugwa aliyeharibika tabia hafanyi hivyo. Yeye hurarua mapaja, mbavu na masikio, hujeruhi kondoo wengi katika usiku mmoja, na mara nyingi hata hali nyama yao. Na kondoo aliyekufa kwa ugonjwa kisha akaliwa hana damu iliyovilia chini ya ngozi, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha simama alipoumwa. Wafugaji wengi wamemtega koyoti kwa kosa la mbwa wa jirani.

Baada ya mzoga, nyayo. Unyayo wa koyoti ni mrefu kuliko upana wake, kama yai, urefu wake sentimeta 6 hivi, na kucha za vidole viwili vya mbele huonekana zikiwa karibu karibu. Unyayo wa mbwa wa ukubwa ule umetanuka. Tena tazama mwendo: mbwa huzunguka-zunguka kama mtoto aliyetumwa dukani, bali koyoti huenda moja kwa moja, mguu wa nyuma ukikanyaga karibu palepale ulipokanyaga wa mbele, kwa maana hana nguvu za kupoteza.

Katika kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha California kilichoko Hopland, ambako hufugwa kondoo, wachunguzi wa miaka ya 1990 waliwafunga koyoti vyombo vya redio shingoni ili wajue ni yupi auaye. Waliona kwamba wauaji wakubwa walikuwa dume na jike waliokomaa, wenye eneo lao, hasa wakati wakiwa na watoto wa kulisha. Vijana wanaotangatanga walikuwa na hatia ndogo. Nao wale wakubwa ndio waliokuwa wagumu kunaswa kuliko wote. Hii ndiyo sababu mtegaji aweza kujaza gari ngozi za koyoti, na mfugaji akaendelea kuzika wana-kondoo.

CHUMA CHENYEWE

Mtego utumikao ni wa kubana mguu. Fundi mmoja wa jimbo la New York, Sewell Newhouse, alianza kuutengeneza kwa mkono wake katika miaka ya 1820, na baadaye jumuiya ya Oneida aliyojiunga nayo ikaufanyia kiwanda. Mwaka 1865 jumuiya hiyo ilichapisha kitabu cha kufundisha utegaji. Tangu hapo umbo lake halikubadilika sana. Una mataya mawili ya chuma, kamani mbili au nne za kuyafunga kwa nguvu, kisahani katikati cha kukanyagwa, na kilimi kidogo kinachoyashika mataya yasifunge mpaka kisahani kishuke. Wa koyoti, mataya yake yakiwa wazi, una upana wa sentimeta 14 hadi 16.

Mataya ya zamani yalikuwa na meno. Picha hizo wengi tumeziona, na ndizo zilizoupa mtego jina baya. Ya siku hizi hayana meno; ukingo wake umefanywa mnene ili usikate ngozi, na katika mitego mizuri mataya yakifunga huacha nafasi ndogo katikati, ili mguu ushikwe usivunjwe. Mnyororo ni mfupi, una viungo vizungukavyo, ili mnyama akijipindua mnyororo upinduke naye badala ya kuupindua mguu wake. Mabadiliko haya yamepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1990 na idara za wanyamapori za majimbo, baada ya Jumuiya ya Ulaya kutunga kanuni mwaka 1991 ya kukataza mitego ya miguu katika nchi zake na kuzuia manyoya kutoka nchi ziitumiazo. Ni kweli kwamba kama Ulaya isingetishia kufunga soko, maboresho mengi yangekawia.

Ugumu wa kisahani nao hupimwa. Mtegaji hukaza parafujo yake mpaka kisishuke ila kwa uzito wa kilo moja na nusu hivi. Koyoti akanyagapo hukishusha. Panya, sungura na ndege hupita juu yake salama.

Mtego mpya unanuka mafuta ya kiwandani. Hivyo huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, huachwa nje upate kutu nyepesi, kisha huchemshwa pamoja na magamba ya miti mpaka uwe mweusi, na mwisho huchovywa katika nta iliyoyeyuka. Nta huzuia kutu na kuufanya ufunge kwa wepesi. Tangu hapo haushikwi ila kwa glavu safi, wala hauwekwi karibu na petroli au tumbako. Wako wazee wa kazi wasemao kwamba harufu ya mtu haidhuru, maana koyoti wa leo huishi kati ya watu na kuinusa kila siku. Yamkini. Lakini harufu ya mtu njiani ni jambo moja, na harufu yake mahali palipochimbwa ni jambo jingine.

MAHALI NA UPEPO

Hakuna harufu iwezayo kumvuta koyoti kutoka bonde la pili akaja kwenye mtego uliowekwa pasipo njia yake. Mtegaji hutafuta mahali apitapo mwenyewe kwa hiari: njia panda ya barabara za mashambani, mgongo wa kilima, bonde kavu lenye mchanga, pembe ya shamba lililolimwa linapokutana na majani, au tundu chini ya ua wa waya ambapo manyoya machache yamenaswa. Dalili bora ni mavi na mikwaruzo ya kucha, kwa kuwa koyoti, kama mbwa, huandika habari zake mahali maalum, na wenziwe hufika kuzisoma.

Kisha upepo. Mabaharia wetu wa pwani wana maneno mawili ambayo mtegaji wa Marekani angeyapenda: joshini, upande utokako upepo, na demani, upande uendako. Koyoti hakisogelei kitu asichokijua ila kutoka demani, pua yake ikiwa imeelekea upepo, ili akijue kitu hicho kabla kitu hakijamjua. Basi harufu huwekwa joshini, na chuma huwekwa demani yake. Mtu akikosea jambo hili moja, kazi nyingine yote aliyoifanya ni bure. Koyoti atakuja kwa nyuma, atanusa apendavyo, na atakwenda zake.

MTEGO WA SHIMO

Iko namna nyingi za kutega ardhini, lakini wafundishao huanza karibu wote na mtego wa shimo. Unafuata tabia ya koyoti ya kufukia mabaki ya nyama, na tabia yake nyingine ya kuiba yaliyofukiwa na mwenzake.

Mtegaji hufika na vitu vyake vyote ndani ya ndoo: mitego, nyundo, mwiko kama wa mwashi, chekeche ya wavu wa waya, na kipande cha turubali. Hutandika turubali chini na kupiga magoti juu yake, wala hauachi mguu wake kukanyaga huku na huku. Huchagua mahali penye kichuguu kidogo, jiwe au shungi la majani kwa upande wa joshini, ili mnyama asione vema kufika kwa nyuma. Chini ya kitu hicho huchimba tundu lenye upana wa sentimeta 8 hivi, likienda kwa mshazari kama tundu la panya, kina chake sentimeta 20 au zaidi. Udongo wake huumwaga mbele ya tundu.

Mbele ya tundu, upande wa demani, huchimba kilalio cha mtego, kikubwa kidogo kuliko mtego wenyewe na kina chake kiasi cha vidole vitatu au vinne. Katikati ya kilalio hupigilia vipande viwili vya nondo, kila kimoja urefu wa sentimeta 60, vikipishana ardhini kama miguu ya kitanda cha safari; katika udongo wa mchanga hutumia virefu zaidi. Mnyororo hukunjwa chini na kufukiwa, na mtego huwekwa juu yake. Kisahani kiwe umbali wa sentimeta 23 hadi 30 kutoka ukingo wa tundu, tena kisiwe katikati kabisa, bali kimesogezwa upande mmoja kwa sentimeta 3 au 4. Sababu yake ni rahisi. Mnyama ainamapo kutazama tundu hasimami kwa mguu mmoja katikati. Miguu yake ya mbele iko kulia na kushoto ya tundu, na katikati pana hewa.

Sasa inafika kazi ambayo wanafunzi huifanya kwa haraka na ndiyo iwaponzayo. Mtego lazima ulale imara kama jiwe. Mtegaji huusukuma na kuuzungusha mpaka ukae, kisha hushindilia udongo kwa vidole kuzunguka mataya na kamani, pande zote. Hubonyeza kila pembe. Ukicheza hata kidogo, huutoa akaanza tena. Koyoti akikanyaga taya na kuhisi kitu kinatikisika chini ya mguu wake, hakimbii tu: hurudi, hukichimbua polepole kutoka kando, hukiacha wazi juu ya ardhi, na wakati mwingine huacha mavi juu yake. Wategaji humwita koyoti wa namna hiyo aliyesoma shule. Kila mtego mbaya ni mwalimu wake, na karo hulipwa na mfugaji. Dume au jike aliyekosewa namna hiyo wakati wa kulisha watoto ataendelea kuchukua wana-kondoo, na sasa njia ya kumkomesha imekuwa nyembamba zaidi.

Juu ya kisahani huwekwa kipande cha karatasi yenye nta au cha wavu mwembamba, ili udongo usiingie chini yake ukakizuia kushuka. Halafu mtegaji huchekecha udongo mkavu juu ya mtego wote mpaka ufunikwe kwa unene wa nusu sentimeta au kuzidi kidogo. Udongo ukiwa mzito mno mtego hukawia. Ukiwa mwepesi mno, upepo huufunua. Mahali pa baridi kali kuna taabu nyingine, kwa kuwa udongo wenye maji ukiganda huwa kama sementi na mtego haufungi. Huko hutumia udongo uliokaushwa tangu kiangazi, au uliochanganywa na nta.

Udongo uliozidi huchukuliwa ndani ya ndoo ukatupwe mbali. Vijiti vichache na mawe madogo hutawanywa kando ya kisahani, kwa sababu mbwa wa kila namna hapendi kukanyaga kitu kigumu na chenye ncha. Huweka mguu palipo laini. Hivyo mawe manne yaliyowekwa kwa akili humwonyesha koyoti pa kukanyaga, naye hudhani amepachagua mwenyewe.

Mwisho ni harufu. Ndani ya tundu hutiwa kipande cha nyama iliyoanza kuoza, ukubwa wa yai, na juu yake kishungi cha majani makavu au sufu, ili aone kwamba kuna kilichofichwa na isiwe rahisi kukitazama kwa mbali. Kwenye ukingo hupakwa kidogo dawa iliyotengenezwa kwa tezi za koyoti, na juu ya kitu kilichoko nyuma hunyunyizwa mkojo wa koyoti, ambao Marekani huuzwa ndani ya chupa kama siki. Asiyejua huzidisha. Harufu kali kupita kiasi humfanya mnyama mwenye umri asimame mbali kwa mashaka, na humwita kila kicheche wa huko aliye karibu.

Kwa anayejifunza, liko zoezi zuri lisilomdhuru mnyama yeyote. Atengeneze mtego wa shimo kamili, pamoja na harufu, lakini asiweke chuma. Mahali pa chuma achekeche udongo laini tu. Asubuhi atazame nyayo. Ataona mwenyewe mnyama alikuja kutoka upande gani, alisimama wapi, na mguu ulianguka umbali gani kutoka tundu. Majuma mawili ya zoezi hilo yana faida kuliko mitego dazeni mbili mipya.

Namna nyingine mbili zahitaji maneno machache tu. Ya kwanza ni ya kichaka: shungi moja la majani lililosimama peke yake hunyunyizwa mkojo, na mtego hufukiwa sentimeta 15 hadi 20 kutoka hapo. Huwanasa hasa wale waliokwisha kulishuku tundu, kwa maana koyoti mwenye eneo lake hawezi kuvumilia kuona mgeni ameweka alama mlangoni pake. Ya pili ni ya njiani. Wahenga wetu walisema mtego bila ya chambo haunasi, lakini huu hauna chambo wala harufu. Hufukiwa katika njia nyembamba, kijiti kikilazwa mbele yake ili mnyama akiruke na kukanyaga kisahani. Ni wa hatari, kwa kuwa humnasa yeyote apitaye, awe paa, mbwa au kondoo, na mtegaji mwenye busara hautumii penye mifugo.

ASUBUHI

Mtego uliowekwa ni deni. Majimbo mengi ya Marekani huamuru mitego ya namna hii ikaguliwe kila siku, na mtegaji mwema hufika jua lisijapanda, kwa sababu koyoti aliyenaswa alfajiri akikaa katika jua la mchana au katika theluji huteseka bure. Hukagua kwa darubini kutoka mbali. Kama mtego hauna kitu haukaribii, asije akaacha nyayo na harufu mpya.

Akimkuta mbwa wa mtu, mbweha, rakuni au mnyama mwingine asiyetakiwa, humfungua. Hutumia fimbo ndefu yenye kitanzi cha kamba ya chuma ili kumzuia kichwa, au ubao wa kumkingia, kisha hukanyaga kamani mbili kwa miguu yake. Ndege wala nyama huepushwa kwa sharti moja ambalo sheria za majimbo mengi zimelikaza: mtego usiwekwe karibu na mzoga ulio wazi, maana tai huona nyama kwa macho, si kwa pua. Nyama iliyofichwa ndani ya tundu haimwiti.

Koyoti mwenyewe, akinaswa, hupigwa risasi ndogo kichwani papo hapo. Watu wengi Marekani hawakubali jambo hili, nao wana hoja zao. Wafugaji wengine, tangu miaka ya 1970, wameweka mbwa wakubwa wa kulinda, kama wale weupe wa milima ya Pyrenees na wale wa Uturuki waitwao akbash, ambao hulelewa zizini tangu wangali wadogo hata wakawaona kondoo kuwa ndio ndugu zao. Mwenye mbwa wazuri na ua imara hutega mara chache. Lakini mbwa naye hula, huugua na huweza kuumwa na nyoka, na katika malisho mapana ya magharibi ambako kondoo hutawanyika vilimani, wengi huweka vyote viwili.

Mtegaji akisha kumwondoa koyoti huona mahali pote pamevurugika: majani yameng'olewa, udongo umechimbwa duara kamili kwa urefu wa mnyororo, na harufu ya mnyama imeingia ardhini. Mgeni wa kazi angehama pale. Mzoefu huchekecha udongo upya, hurudisha mtego uleule au huweka mwingine kando ya ukingo wa duara hilo, wala haongezi dawa yoyote, kwa sababu mwenzi wa aliyekufa atapita hapo katika siku chache zijazo, akisoma ardhi kwa pua, na hatahitaji kuitwa.